Patasi ya Gaspard Mhunzi

Donatien aliigeuza ile patasi kuukuu mara nne mbele ya meza ya Sévère, muuza vyuma chakavu wa Mulongwe. Shingoni ilikuwa na mwezi mchanga na nukta mbili, alama ya Gaspard mhunzi. Sawa. Lakini ilifuliwa kutoka springi ya lori, na muhuri wa kiwanda ulikuwa bado unasomeka ubavuni: 1954.

Gaspard alizama ziwani mwaka wa 1952, miaka mitano sasa. Maiti haikuonekana. Hakuacha mwanafunzi wala mtoto wa kiume.

Na Donatien, seremala wa misheni, alikuwa anamwoa mjane wa Gaspard, Concilie! Padri alikwisha kutangaza ndoa Jumapili mbili, imebaki moja. Gaspard akiwa hai, hakuna ndoa wala Concilie, na Donatien alimpenda yule mwanamke hadi chakula kilikuwa hakishuki.

"Ilitoka wapi?"

"Weye nunua tu, bwana. Minye nauzishaka, siulizake," Sévère akacheka. Kisha akamwonea huruma. "Iko muntu wa Kiringye aliniletea. Rénovat."

Donatien aliinunua, na jioni akamwonyesha Concilie. Concilie aliigonga kwa ukucha, akasikiliza, akairudisha haraka.

"Vyuma vya marehemu vimejaa kote. Achana nayo, Dona."

Aachane nayo! Nani angeweza? Usiku kucha aligeuka kitandani, na kesho yake msumeno ukamkata kidole.

Jumamosi alipiga baiskeli hadi Kiringye, vumbi hadi kwenye meno. Rénovat alikuwa shambani anapalilia pamba. Kwanza aligoma kusema, kwa sababu aliapishwa. Donatien alimsihi mpaka machozi yakamlenga, naye mzee akachoka.

"Nilinunua kwa fundi mwenyewe, kule Rugenge. Nyumba ya mulango wa kijani, imezungushiwa lupango ya matete. Anafanyaka siku ya Mungu, saa ya misa kubwa, batu bote bakiwa kanisani."

"Ni muntu wa namna gani?"

"Mukali kwa bei. Lakini kazi yake, aa! Safi kabisa. Jina sikutajie."

Mlango wa kijani! Donatien aliuchonga na kuupaka rangi mwenyewe Pasaka iliyopita. Ulikuwa mlango wa Concilie.

Njia nzima ya kurudi alilia kwa hasira, bila aibu. Kumbe ndiyo maana alimwambia aachane nayo! Amemficha mumewe uani, na huku anakubali posa. Saa ya misa kubwa Donatien huwa kwenye kwaya, anaimba sauti ya chini kama mjinga.

Jumapili hakwenda kwaya. Padri alipokuwa anasoma tangazo la tatu, na kuuliza kama kuna mtu anayejua kizuizi, Donatien alikuwa amejibanza nyuma ya ua wa matete kule Rugenge. Nyundo ilikuwa inalia ndani. Ngo, ngo, ngo.

"Gaspard! Toka, mwanaume weye!" Akapiga ua teke, akaingia mzima mzima.

Uani hakukuwa na mwanaume. Concilie aliinua uso juu ya fuawe, nyundo mkononi, jasho likimtiririka.

"Usisimame unaniangalia tu," alisema. "Vukuta, chuma inapoa."