Hodi ya Kila Alasiri

Siku hizo ilikuwa marufuku kuingia kwenye tovuti ya mtu bila kupiga hodi, na mwenyewe alipaswa kuitika kwa sauti yake. Hodi tatu zikikosa mwitikio, tovuti ilifutwa.

Dokta Nyamizi, mjane mstaafu wa Tabora, alikuwa ameweka kwenye tovuti yake utafiti wake wote juu ya nyuki wasiouma. Msomaji alikuwa naye mmoja tu, sauti ya upole iliyobisha kila alasiri.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu!" Aliyaacha maziwa yakifurika jikoni. Vikombe viwili alikwisha kuvitenga, kwa mazoea tu. "Leo usiondoke upesi; niambie, ile sura ya malkia umeionaje?"

"Sijaisoma, mama."

"Basi umesoma ipi?"

"Sijasoma yoyote. Mimi ni mashine ya ukaguzi. Nabisha nijue kama mwenye tovuti yu hai. Nikiitikiwa, naondoka."

Nyamizi aliketi mbele ya vikombe vyake. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikaenea nyumba nzima.

"Hodi," sauti ikabisha upya, kwa kuwa ilipaswa kukagua upya kila mwenyeji aliponyamaza.

Akamimina chai kwenye kikombe cha pili. Hakuitika. Aliiacha ibishe tena, ili ikae naye kidogo zaidi.