Kilo Moja na Mia Tisa

"Kilo ngapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza la Jeska. Hakuuliza wa kiume au wa kike. Kilo tu, na jasho bado linamtiririka usoni.

"Moja na mia tisa," alijibu nesi Béatrice, Mkongo wa Uvira aliyekuwa akizalisha wanawake wa Muyinga, Burundi, tangu vita viishe. "Iko mudogo, lakini iko anapumua vizuri. We tulia kwanza. Presha yako ingali juu, kumi na saba."

Jeska alishusha pumzi. Lakini kutulia, atulie wapi! Kichwa kinamgonga, miguu imevimba mpaka viatu vimekataa, na shingo inageukia mlangoni kila dakika.

Kliniki alikwenda mara moja tu, tena mwishoni. Mama mkwe, Melania, alimsihi tangu mimba ilipoonekana. Kila wiki Jeska alikuwa na sababu yake: mara maharage, mara mvua, mara njia ya Gashoho inateleza.

Melania akaingia bila kubisha, mwanawe Prosper nyuma yake. Akafunua kitenge, akamwona mjukuu, machozi yakamtoka.

"Masikini wa Mungu, angalia mikono yake! Prosper alirudi na msafara wa wakimbizi wa Pasaka, na leo ni Novemba. Miezi saba! Si nilikwambia, mwanangu, uache kubeba maji?"

"Ni njiti, mama," Jeska alisema haraka. "Nisamehe."

Ilitia uchungu. Jeska alitangulia kurudi kutoka kambini Tanzania, akakaa kwa shangazi yake Bugendana, kule Gitega, kulinda shamba la marehemu baba yake. Prosper alibaki kambini akimuuguza mama yake. Mwaka mzima, mpaka Pasaka ile, hawakuonana hata siku moja. Sasa mtoto wao wa kwanza ndiye huyu, hajai hata mikono miwili.

Prosper hakuthubutu kumgusa. Miguu haikumtulia; mara dirishani, mara kitandani.

"Dada, niambie ukweli. Wa miezi saba ataishi?"

"Nesi, mwache kwanza mtoto apumzike," Jeska alidakia.

Béatrice alikuwa ameshamwinua. Akamkagua nyayo, akakunja sikio, akavigeuza vidole kimoja kimoja. Kisha akacheka kwa furaha, jamani, furaha ya mtu aliyebeba habari njema.

"Papa, nani amekudanganya? Ona nyayo, mistari imejaa. Kucha zimepita vidole. Huyu si njiti! Presha ya mama ndiyo ilimunyima chakula tumboni, ndiyo maana iko mudogo. Lakini miezi tisa ametimiza yote. Ataishi, papa!"

Melania alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele. Akaishia katikati.