Hodi ya Tatu

“Hodi,” ilisema sauti kutoka dakani, nje ya mlango.

Alikuwa Kulthum, mwanangu, niliyempa dada yangu wa Mbwajumali mwaka vita vya Hitla vilipokwisha, kwa kuwa dada hakujaliwa kuzaa. Alikuwa na miaka mitatu. Leo ana kumi na sita.

Nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Mkono ukasimama, nazi ikinikaukia vidoleni. Dada alinipasha kuwa atakuja, na tangu alfajiri nilikuwa nimeondoa komeo, ili akifika asukume mlango na kuingia. Mtoto wa nyumbani hapigi hodi kwao.

“Hodi.”

Jibu la hodi nalijua. Ndilo ninalowapa wauza samaki na wageni wa mume wangu. Nikilitamka, atakaa kwenye mkeka wa wageni, atakunywa kahawa, ataniita Bi, kisha ataaga. Nikaukazia mlango macho. Sukuma, mama, nilimwomba moyoni.

“Hodi,” akasema tena, taratibu.

Dada amemlea vyema. Mtu akipiga hodi mara tatu asijibiwe, hurudi alikotoka. Sote tulifundishwa hivyo.

Nikasikia ndara zake zikigeuka juu ya sakafu ya daka.

“Karibu,” nikasema.