Kabla Mashine Haijalia

Fomu ya kuomba kusomea nusukaputi ilikuwa mfukoni mwa Sekela tangu Jumatatu, haijajazwa, kwa sababu ya mstari mmoja tu: alama za kidato cha nne.

Asubuhi hiyo, katika chumba cha upasuaji, Mzee Ngonyani, mtaalamu wa usingizi, alimwambia mgonjwa ahesabu mpaka kumi. Bibi yule alitetemeka, asitoe hata moja.

Muuguzi Sekela akamwinamia. "Bibi, samaki wa kupaka unampikaje?"

"Yaani hujui?" Bibi alisahau hata kutetemeka. "Unamchoma kwanza. Halafu ukwaju, na tui jepesi. Likichemka, unatia..."

Dawa ikamchukua hapo hapo. Sekela akasikia pumzi ikikwaruza. Akakiinua kidevu cha bibi kwa vidole viwili, na pumzi ikapita laini. Mashine ya usingizi ilikuwa bado haijalia kuonya.

"Nani kakufundisha?" aliuliza Mzee Ngonyani.

"Hakuna, mzee. Nimesikia pumzi tu."

"Na hiyo fomu inayochungulia mfukoni?"

Sekela akainama. "Fizikia nilipata F."

"Basi utarudia mtihani. Mashine yangu hii ni fizikia tupu, nitakufundisha mwenyewe. Jaza."

Bibi alipoanza kuzinduka, Sekela alikuwa kando ya kitanda, fomu gotini, kalamu imesimama kwenye mstari ule.

"...tui zito," bibi akanong'ona, macho bado yamefumbwa. "Na usiache kukoroga, mwanangu. Ukiacha, linakatika."

"Siachi, bibi," alisema Sekela, akaandika F, kubwa, inayosomeka.