Breki za Marehemu

"Pikipiki hizi breki zinajikamata ovyo," fundi alimwambia Bi Sikudhani. "Zote zinarudi kiwandani zikatibiwe."

"Yangu ugonjwa siuoni, mwanangu."

Pikipiki siku hizo zilijiendesha, na yake, aliyoachiwa na mumewe, ilisimama popote marehemu alipozoea kusimama: kwa kinyozi, kwa muuza kahawa, na mlangoni kwa mjane Mize. Hapo pa Mize, Bi Sikudhani alikuwa akisonya, kisha akicheka. "Hata kaburini hukomi, mzee?"

Watu wa kiwanda wakaichukua hata hivyo, wakairudisha imepona. Ikampita kinyozi, ikampita muuza kahawa. Mize alikuwa mlangoni akiingoja, shingo ameirefusha. Bi Sikudhani akaminya breki kwa mikono miwili.

"Hapa hapana sababu ya kusimama, mama," pikipiki ikasema kwa upole, ikashika njia.