Hodi kwa Mashine ya Mwisho

Riziki alizizima mashine pepe kwa adabu, zile kompyuta zisizo na mwili zinazoishi ndani ya kompyuta kubwa. Ofisi ilikuwa inahama mji. Hakugusa kitufe cha "Kata", kinachoua papo hapo. Alibonyeza "Zima", akaisubiri kila moja ihifadhi kazi yake, iage, ilale.

Ya mwisho ikakataa. Skrini ikaandika: "Bado kuna mtu ndani."

"Mtu gani tena? Sote tuko hapa," alisema Shamte, mkuu wake, funguo za ofisi mkononi. "Ikate, dada. Lori linatungoja."

Riziki akabonyeza "Zima" tena. Wapi! Kidole kikaelekea kwenye "Kata", kikasita. Akikata, kazi yote ya huyo mtu itapotea. Na kwao, nyumba yenye mtu haivunjwi mlango kabla ya kubishiwa hodi.

"Nipe dakika moja, bosi."

Akafungua kisanduku cha ujumbe cha mashine ile, akaandika: *Hodi.*

Shamte akaangua kicheko, kisha akaisogelea skrini. Chini ya neno la Riziki, polepole, kama mtu anayetafuta herufi kwa kidole kimoja, jibu lilikuwa linajiandika: *Kar*