Kosa la Leo

Kanisa lilikuwa na mlango mmoja wa mbele. Mchoraji akachora miwili, akarudi nyuma kidogo kutazama, akatabasamu. Leo wapita njia wangesimama tu, wapende wasipende.

Siri yake ilikuwa hiyo. Picha nzuri watu huitupia jicho wakapita, lakini yenye kosa haipitiki. Mtu ana haraka zake, ana mtoto mgongoni, ila akiona kanisa limezidishwa mlango, miguu inagoma. "Mzee, huo wa pili umeutoa wapi?" Basi, mazungumzo yameanza. Tangu mkewe afariki, nyumbani hapakuwa na wa kumwambia hata kwamba chai imepoa. Msikiti wa karibu na soko alishauchora kwa mtindo huohuo, na watu wakamsahihisha wiki nzima.

Lakini hapa kanisani aliyemsubiri hasa alikuwa bibi mmoja, fundi cherehani mstaafu, mwenye jicho la kuona uzi uliolegea kutoka ng'ambo ya barabara. Yule humdanganyi. Juzi alikamata dirisha lililopungua, jana ngazi zilizozidi.

"Mzee mwenzangu, hivi unachora kwa macho au kwa kisigino?"

"Kwa macho, dada yangu. Yamezeeka tu."

"Haya, rekebisha. Mimi nawahi nyumbani, watu wananisubiri." Kisha akasimama karibu asubuhi yote, akimweleza namna ya kukata kola.

Leo, kabla ya bibi, alitokea padri. Alipouona mlango wa pili alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mzee wangu, acha utani! Kesho naichukua hii, naitundika ofisini. Hebu ufute nikiona."

Akasimama palepale, mikono mgongoni, mpaka mlango ukafutika na picha ikawa kanisa lenyewe, halina pungufu wala ziada. Akashukuru, akaenda zake.

Moyo ukamshuka mchoraji. Kesho hangekuwa na sababu ya kukaa hapa, wala bibi hangekuwa na sababu ya kusimama. Alifikiria kumwambia waziwazi: dada yangu, kaa kidogo tuongee. Akayajaribu maneno hayo kimoyomoyo, yakamkwama. Mtu na mvi zake, anaanzaje? Aliona haya, ingawa upweke ulimuuma kuliko aibu hiyo.

Bibi akaja na kikapu chake, kitupu kama kawaida. Akavaa miwani, akaikagua picha: mlango, madirisha, ngazi, paa. Macho yakarudi kwenye mlango, akaanza upya. Mchoraji alikuwa akisugua brashi ambayo tayari ilikuwa safi.

"Padri anaichukua kesho," alisema. "Imekwisha."

"Imekwisha?"

Bibi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Akaitazama picha kwa muda mrefu, kama mtu aliyedondosha kitu na hajui pa kuanzia kukitafuta.

"Haijakwisha hata kidogo," alisema hatimaye, kwa ukali. "Umesahau saa, pale juu kwenye mnara. Mwambie padri asubiri. Kesho nitapita niikague."

Mchoraji aliinua macho. Mnara ule haukuwahi kuwa na saa.